Mshubiri na Walinzi wa Ngozi

Kila siku masomo yalipokwisha, kikundi cha ngoma za Kiturkana kilifanya mazoezi katika uwanja wa shule, mtaani Wabera, mjini Isiolo. Jennifer, msichana wa miaka kumi na mmoja, ndiye aliyeongoza wimbo. Sauti yake! Hata wauza miraa waliopita barabarani walisimama kusikiliza. Kwa kuwa alizaliwa na ualbino, aliimba akiwa amevaa kofia pana na nguo ya mikono mirefu.

Mashindano ya kaunti yalipokaribia, dada yake mkubwa, Everline, mchezaji wa kikundi hicho ambaye hakosi neno, alianza kulalamika.

"Shanga na kofia wapi na wapi? Utatuaibisha!"

"Mama amenikataza kuivua."

"Si Mama hutupaka mshubiri tukiungua na jiko? Basi tukikupaka mapema, jua litakupata wapi?"

Everline akakata majani ya mshubiri, akakamua utomvu na kumpaka mdogo wake uso, shingo na mabega. Jennifer akaimba kichwa wazi, mabega wazi, katika jua kali la alasiri. Jioni ngozi yake ilikuwa nyekundu na imejaa malengelenge. Alilia hata shuka ilipomgusa. Everline alitamani ardhi ipasuke immeze.

Asubuhi mama yao aliwapeleka kliniki. Daktari Fartun alimtibu Jennifer, kisha akamwona Everline amejikunyata pembeni. Akamwita aone picha kwenye kompyuta. Ilikuwa ngozi iliyokuzwa kwa hadubini, na ndani yake zilitapakaa chembe hai zenye mikono mirefu.

"Hizi ni nini, daktari?"

"Walinzi. Hata wewe unao. Hunyoosha mikono kuwanasa wadudu wa maradhi, kisha hupeleka habari mwilini. Jua kali likizidi, walinzi hupungua na kulegea. Hapo maradhi, hata saratani, hupata mwanya."

Everline akautazama mkono wake, akapigwa na butwaa. Ngozi aliyoiosha kila siku bila kuijali, kumbe ilikuwa na jeshi zima lililo macho! Mwili ulimsisimka kwa ajabu ile.

"Na mshubiri?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Una maajabu yake. Watafiti wanachunguza kama viini vyake vilivyosafishwa maabara vyaweza kuwasaidia walinzi hawa. Lakini utomvu wa nyumbani hauzuii jua. Nguo, kivuli na mafuta ya kukinga jua ndivyo vinavyomkinga Jennifer."

"Nisamehe, Jennifer," Everline akasema huku machozi yakimtoka.

"Nitaimba lakini?" Jennifer akamuuliza daktari.

"Ukipona, na ukijifunika."

Jennifer alipona. Siku ya mashindano, kikundi kizima kilitokea kimevaa nguo za mikono mirefu na kofia zilizoshonewa shanga, Everline akiwa mbele. Hilo lilikuwa wazo lake. Jennifer alipoanza kuimba, uwanja mzima ulisimama kusikiliza.

Baadaye mama akawakumbatia wote wawili.

"Everline, usijaribu dawa kwenye mwili wa mwenzako kabla ya kuwauliza wanaojua. Na ukimpenda ndugu yako, usimvue kinga yake ili afanane na wewe. Leo wewe umefanana naye, na mmependeza."