Neno Alilotoa Baba

Kila Jumamosi asubuhi Mama Pacha alisogeza cherehani yake karibu na dirisha la sebule, apate mwanga. Alikuwa fundi wa nguo za kazi: makoti ya wauguzi, aproni za wapishi, sare za walinzi. Binti yake alipiga pasi. Mwanawe wa kiume alizipeleka nguo kwa wenyewe, na kila mara alipotelea njiani saa nzima.

Hao ndio pacha wenyewe. Binti alimtangulia ndugu yake kuzaliwa kwa robo saa, basi akaitwa Wakwanza. Mvulana akaitwa Wapili, na jina hilo hakuwahi kulipenda. Sasa walikuwa na miaka kumi na saba. Wote wawili walikuwa kidato cha mwisho, na mtihani ulibakiza miezi miwili.

Baba yao alikuwa dereva wa lori. Jumamosi hiyo alirudi kutoka safari ya siku nne. Alioga, akala, akakaa kitini akitabasamu peke yake. Kisha akaeleza kilichomfurahisha. Mwenye duka la vipuri pale gereji, mtu wa heshima na mchapakazi, alikuwa ameomba kumuoa Wakwanza. Harusi ingefanyika wiki moja baada ya mtihani. Baba alikuwa ameshakubali.

Wakwanza aliisimamisha pasi wima ili isiunguze koti, akatoka nje.

Mama aliuliza haraka ni ya nini. Baba akajibu kwamba dunia imeharibika, mabinti wanapata mimba shuleni, na yeye hataki kungoja aibu imfikie mlangoni. Tena yule bwana alikuwa na nyumba yake. Msichana atake nini zaidi?

"Na Wapili tumtafutie mchumba lini?" Mama aliuliza.

Baba akacheka. "Yule? Yule bado mtoto. Mpaka leo tunamkumbusha kuoga."

"Walizaliwa siku moja, Baba Pacha."

Baba aliacha kucheka, lakini hakulegea. Alisema mvulana ni mvulana, na neno limeshatoka.

Mchana ule mishono ya Mama ilikwenda kombo. Yeye mwenyewe aliolewa na miaka kumi na sita, wala hakuna aliyemuuliza. Mwaka uliofuata alipata mimba. Uchungu ulimkaa siku mbili. Mtoto alizaliwa akiwa ameshafariki. Pacha walikuja miaka mingi baadaye, na habari za yule wa kwanza hazikuzungumzwa tena katika nyumba ile.

Jioni, mkunga wa zahanati, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, alikuja kuchukua makoti yake. Mama hakumpa makoti. Alimvutia kiti, akamwita mumewe, akawaita na watoto wote wawili. Kisha akamwomba mkunga aseme anayoyaona kazini kila siku, asifiche kitu.

Mkunga hakuzunguka. Alieleza kwamba mwili wa msichana unaweza kushika mimba kabla nyonga zake hazijakomaa. Hapo uchungu huwa mrefu. Mtoto anaweza kufa, na mama pia. Wengine hupona wakabaki wakivuja mkojo bila kujizuia, mpaka wafanyiwe upasuaji. Zaidi ya hayo, sheria inakataza kumwoza mtoto aliye chini ya miaka kumi na minane.

"Atatimiza kumi na minane muda si mrefu," Baba alisema. "Na si lazima azae mara moja."

"Nani atamwacha angoje?" mkunga alimuuliza. "Miezi mitatu haitapita, watu wataanza kumtazama tumbo. Na kumi na minane si tarehe ya harusi, shemeji. Ni umri wa kuanza kuulizwa."

Aliwaeleza pia kuhusu wasichana aliowazalisha, waliosema wataendelea na masomo wakishaolewa. Wachache sana walirudi darasani. Na kama Baba anaogopa mimba, akasema, basi dawa yake ni kuzungumza na watoto wake mapema, wote wawili, maana mimba haiingii kwa mtu mmoja. Wapili akaanza kuvitazama viatu vyake.

Ndipo Mama akasimulia habari za mtoto wake wa kwanza, mbele ya wote. Alisimulia taratibu, bila kulia. Pacha hawakuwahi kuzisikia.

"Nilidhani umeshasahau," Baba alisema kwa sauti ya chini.

"Hata jina hatukumpa. Lakini sijasahau."

Baba aliinamisha kichwa. Wakwanza akasogea akakaa karibu naye.

"Sikatai kuolewa, Baba. Nataka nisomee kazi ya maabara kwanza. Siku nikiwa tayari, nitakuja mwenyewe kukuambia."

"Na yule bwana nitamwambia nini? Nimetoa neno langu."

"Neno ulilotoa halikuwa lako," Mama alimjibu. "Lilikuwa la mtoto."

Jumatatu Baba na Mama walikwenda kwenye duka la vipuri. Baba alizungumza akiwa amesimama, katikati ya mikanda ya injini na harufu ya grisi. Alikiri kwamba kosa ni lake. Yule bwana aliudhika, kwani alikuwa ameshawaambia ndugu zake. Baadaye akatulia, akasema yuko tayari kungoja mwaka mmoja. Mama alimshukuru, akamwomba asingoje. Hakutaka binti yake asome huku anahesabiwa siku.

Haikuwa rahisi kwa Baba. Kwa miezi mingi alinunua vipuri upande wa pili wa mji, na madereva wenzake walimtania kwamba nyumbani kwake usukani anashika mkewe. Aliwaacha waseme.

Nyumbani, Wakwanza aliondolewa kazi ya pasi mpaka mtihani upite. Wapili akaishika, akaunguza aproni mbili, ya tatu akaipatia. Kila Alhamisi pacha walikwenda zahanati kwenye mafunzo ya vijana. Wote wawili walifaulu mtihani. Wapili alikwenda kujifunza ufundi umeme. Wakwanza alisoma chuo miaka mitatu, kisha akaajiriwa maabara ya hospitali, akipima damu za wagonjwa kwa hadubini.

Alipofika miaka ishirini na mitano, alimwambia baba yake kwamba yuko tayari. Wiki iliyofuata kijana aliyempenda alifika na wazee wake kuposa, wakaeleza shida yao kwa maneno ya heshima. Walipomaliza, walimgeukia Baba wasikie jibu.

"Mwenyewe yupo hapa," Baba alisema. "Muulizeni."

Wakaulizwa wote wawili, kijana na binti. Wakwanza alijibu kwamba amekubali, akataja na mwezi wa harusi: ule ambao hatakuwa na zamu za usiku.