Beseni la Pili

Kila asubuhi kabla ya shule, msichana alipalilia mistari miwili ya soya, kisha akanawa miguu na kuvaa sare. Siku hiyo, kabla hajamaliza hata mstari wa kwanza, mama akamwita. Alikuwa amechuchumaa na mche wenye majani ya njano, akiipekua mizizi yake kama mtu anayetafuta chawa.

"Hakuna hata kinundu kimoja," alisema. "Ule unga mweusi ulikuwa majivu matupu."

Msichana alikaza macho kwenye jembe. Siku ya kupanda, mvua za kwanza zilipokatika kidogo, mama alichanganya mbegu na ule unga wenye bakteria wanaoilisha soya kwa kujenga vinundu mizizini. Yalikuwa mabeseni mawili. La kwanza alilipanda mwenyewe upande wa juu. La pili alimwagiza binti yake aliweke kivulini, alifunike, kisha alipande upande wa chini. Binti alilitua juani akaenda kuruka kamba. Aliporudi, mbegu zilikuwa za moto kama zimetoka kikaangoni. Akazipanda hivyo hivyo, kimya.

Alasiri mwenye duka la pembejeo, aliyemuuzia mama ule unga, aliitwa. Mama hakumtuhumu waziwazi. Alisema tu kwamba siku hizi watu wanauziwa masizi kwenye pakiti za kupendeza, na kwamba majirani wana masikio. Uso wa yule bwana ukasawijika. Akaomba kuliona shamba lote.

Upande wa juu aling'oa mche. Mizizi ilijaa vinundu. Akapasua kimoja kwa ukucha, ndani kukaonekana wekundu wenye afya. Upande wa chini, mizizi mitupu.

"Pakiti moja, shamba moja," alisema taratibu. "Dada, huku chini alipanda nani?"

Mama alimkata jicho. "Usitafute pa kutupia lawama. Mwanangu hawezi kunificha kitu."

Maneno hayo yalimchoma msichana kuliko kofi.

"Mama, beseni la pili nililiacha juani."

Kisha mwenye duka akaeleza kwamba soya haijatoa maua bado. Mbolea kidogo kando ya mashina ingeiokoa.

"Jua liliua bakteria," mama alimwambia binti yake, "na hilo lina dawa. Lakini kimya chako kilikuwa kinaua jina la mtu. Ukikosea, sema siku ile ile."

Akafuta udongo mikononi, akamgeukia mgeni.

"Na mimi niache mafumbo. Nilikuona mwizi. Nisamehe, kaka."