Msumari Mtupu wa Ufuko wa Seewil

Siku Verena Zurbuchen alipotundika ufunguo mpya kwenye msumari wa arobaini na saba, safu nzima ya vibanda vya kubadilishia nguo ilianza kunuka sufu iliyolowa. Na siku hizi nani anaogelea na nguo ya sufu?

Verena alikuwa mtunzaji mpya wa ufuko wa kuogelea ziwani, mwanamke wa kupiga pasi hata matambara ya jikoni. Kazi yenyewe si ngumu. Muogaji hupewa ufunguo wa kibanda, anaufunga mkononi, akitoka anaurudisha. Jioni ukiona msumari mtupu ubaoni, ujue kuna mtu bado majini. Ila msumari wa arobaini na saba ulikuwa mtupu miaka yote, na kibanda chake kimepigiliwa mbao.

Bibi Hedwig, mtunzaji wa zamani, alikuja na mkongojo wake na ulimi wake.

"Wewe! Nani kakutuma kujaza pale?"

"Bibi, ubao wenye pengo ni aibu. Mkaguzi akija je?"

"Mkaguzi huja mara moja kwa mwaka. Yule yupo kila siku."

"Yupi tena?"

Hedwig akashusha sauti. "Josefine. Enzi hizo ufuko ulikuwa wa mbao tupu juu ya nguzo, wanawake wamezungushiwa ukuta mpaka majini. Wanaume walitoboa matundu wachungulie, babu yangu akiwa wa kwanza, mzee wa aibu yule! Jioni moja mtunzaji wa wakati huo alikuwa na haraka ya kwenda dansi. Akatundika ufunguo wa akiba ubao uonekane umejaa, akafunga lango. Josefine bado anaogelea na nguo yake ya sufu. Asubuhi mbao zilikuwa na alama za kucha. Walipojenga huu wa zege, na mnara wa saa, nguzo za zamani hawakuzing'oa. Umezikanyaga sasa hivi."

"Na msumari?"

"Ukiwa mtupu, yumo majini. Ukiujaza, umemwambia ametoka."

Verena akacheka. "Bibi, kanywe kahawa."

Jioni ile jua lilikuwa bado kwenye mnara. Funguo zote zilirudi isipokuwa wa kumi na mbili, wa Regula, binti yake mwenyewe.

"Regula! Tunafunga!"

Harufu ya sufu ikamjaa puani, na alipogeuka akaona nyayo za maji zimepanda ngazi kutoka ziwani, nyembamba, za miguu mitupu, zimepita mbele ya vibanda vyote bila kusita, zikaishia chini ya ubao, pale anaposimama mtu anayechagua ufunguo, na chini ya sakafu, kwenye zile nguzo kuukuu, kitu kikaanza kukwaruza polepole.

Akaung'oa ule ufunguo wa arobaini na saba, akakimbia ngazini, akautupa ziwani.

"Chukua chako! Nirudishie mwanangu!"

Maji yakatulia. Kisha Regula akaibuka, akapanda ngazi akitetemeka, nywele zimemfunika uso.

"Mtoto mpumbavu wewe! Unataka kuniua?" Verena alimfunga taulo, akalia, akambusu kichwani. Kichwa kilinuka sufu.

Msichana alimwekea mama ufunguo kiganjani, akaelekea langoni bila kugeuka.

Ufunguo ulikuwa mzito. Verena akautazama: umeliwa na kutu, namba arobaini na saba.

Ubaoni, msumari wa kumi na mbili ulikuwa bado mtupu. Na chini ya miguu yake mtu akagonga sakafu, mara mbili, kwa adabu.

"Mama? Mbona umefunga?"