Mstari wa Chini wa Kioo

Sokoni Manika, mjini Kolwezi, siku ya mvua, kijana mmoja alikikanyaga kiatu kipya cha Adolphine, kisha akachutama kwenye matope akakipangusa kwa leso yake mwenyewe. Aliitwa Ngeleka. Kumbe wote wawili walikuwa wa kampuni moja ya shaba: yeye chumba cha kompyuta, Adolphine bohari ya vipuri. Mapenzi yakaanza, na yakajitafutia njia.

Chini kabisa ya kioo cha kompyuta ya Adolphine palikuwa na mstari mmoja wa ujumbe mfupi. Wakubwa waliutumia kutangaza saa ya kuzima mashine. Ngeleka aliutumia kwa mambo matamu. Jumatatu jioni ulisema: LALA MUZURI, MWEZI YANGU. Ukibonyeza kitufe, ujumbe hufutika. Adolphine hakubonyeza. Aliyaacha maneno yang'ae kijani Jumanne, hata Jumatano, akihesabu vipuri vyake kama mtu anayeota macho wazi.

Lakini ulikuwa mwaka 1993, na Wakasai, watu wenye asili ya Kasai kama akina Ngeleka, walikuwa wakifukuzwa Katanga. Jumatano jioni akasikia kwamba akina Ngeleka, wazaliwa wa Kolwezi hapahapa, wamefukuzwa nyumbani, na kuanzia jioni hiyo yeye haruhusiwi tena kazini. Siku mbili nzima, na hata neno la kuaga hakumpa. Adolphine alilia. Baba yake, Tata Nkulu, alisema aliyekwenda amekwenda. Maji yakimwagika hayazoleki.

Alhamisi asubuhi, kwa hasira, akakibonyeza kile kitufe.

Maneno yakafutika, na mengine yakaja mahali pake: BANATUFUKUZA. TUTALALA KU GARE. Akabonyeza. ADO, MBONA HAUJIBU? UNAOGOPA TATA YAKO? Hapo akaelewa. Mstari ule hubeba ujumbe mmoja tu. Unaofuata hungoja wa kwanza ufutwe. Kwa kulilinda neno moja alikuwa ameyafungia mengine mlango. Akabonyeza tena. TRENI NI ILE YA ALHAMISI, SAA SITA. UNAKUBALI NIKUOE?

Hilo hakulifuta. Alitoka mbio, liputa lake la buluu, kitenge alichojifunga kiunoni, likimpiga miguuni.

Gare, yaani stesheni, ilijaa magodoro, masufuria na watu waliochoka. Ngeleka alikuwa kando ya behewa, akimpandishia mama yake, Mama Kapinga, furushi.

"Nilizani umenikatala," alisema bila kumtazama.

"Mi nilikuwa nachunga ile neno yako ya 'lala muzuri'. Sikupenda ifutike."

Ngeleka akamgeukia, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Weye mwanamuke. Mi nagonga, nagonga, na weye unalala nyuma ya mulango."

"Sasa nimeamuka. Nakubali."

Mama Kapinga akamwuliza polepole amebeba nini, maana njia ya Kasai ni ndefu. Adolphine alionyesha mikono mitupu. Mama akasogea, akamwachia nafasi juu ya godoro.

Treni ilipong'oka, alimwaza baba yake na moyo ukamuuma. Kisha akakumbuka kwamba hakuizima kompyuta. Kule bohari swali la Ngeleka lilikuwa bado linang'aa, na amri zote za wakubwa zimepanga foleni nyuma yake.