Bibi Harusi Hayuko Chini ya Leso

"Kagwiria, toka huko! Wageni wako getini!"

"Jedidah, jifunikeni nyinyi. Mimi siji."

"Wewe! Leo unalipiwa mahari, mbuzi wameshafika!"

Binamu yake aligonga mpaka akachoka. Kagwiria alikuwa amejifungia stoo ya mahindi ya mama yake, hapo Kianjai, kompyuta juu ya gunia. Shahada ya uzamili ya usanifu wa mafunzo hapewi mtu kwa sura! Madarasa alishamaliza. Somo alilotunga la kufundisha wakulima kwa simu alishalijaribu kwa wakulima wenyewe, wakamcheka, akalirekebisha. Kilichobaki ni kuutetea mradi mbele ya maprofesa, mtandaoni, asubuhi hii. Ukikosa, unangoja mwaka mzima.

Ujumbe ukaingia. Thuranira, mchumba wake.

"Funga hiyo kompyuta. Nataka kuona kama unaniheshimu."

"Tarehe nilikuambia mapema. Nipe saa moja tu."

"Wazee ndio walipanga siku, wamekataa kubadilisha. Chagua: mimi au karatasi."

Ilimuuma, jamani. Alimpenda huyo mwanaume. Lakini simu aliizima.

"Kagwiria," Profesa Runji akauliza kwenye skrini, "utajuaje wakulima wako walijifunza kitu?"

"Sikuwauliza kama walifurahi. Nilienda shambani nikawaona wakifanya."

Maswali yalimiminika. Alijibu yote. Mwishowe profesa akatabasamu.

"Umepita. Hongera."

Machozi yakamtoka. Nje vigelegele vikapanda, akachungulia kwenye ufa wa mbao. Wanawake walikuwa wamesimama foleni, wamefunikwa leso kichwa mpaka miguu, kama ilivyo desturi, bwana harusi amtambue wake. Akikosea, faini.

"Huyu ndiye!" Thuranira alisema kwa maringo. "Hata gizani namjua!"

Leso ikavutwa. Jedidah!

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Akachagua tena, akakosa tena, mpaka leso zikaisha.

"Bibi harusi yuko wapi?" mjomba wa Thuranira, mzee Kiunga, akafoka. "Tumetoka Kangeta alfajiri!"

Kagwiria akafungua mlango, gauni limejaa vumbi.

"Niko hapa, mzee. Nilikuwa kwa mtihani. Niliomba siku nyingine, nikaambiwa wazee mmekataa."

"Wazee gani?" Kiunga akashangaa. "Sisi tulitaka Jumamosi ijayo. Ni huyu aling'ang'ania leo, leo, leo!"

Kagwiria akamgeukia mchumba wake.

"Thuranira, ni kweli?"

"Niliogopa... Ukishapata hiyo digrii, utanisikiliza tena?"

"Ungeniuliza hivyo, ningekujibu. Wewe ukaniwekea mtego, tena ukawasingizia wazee!"

"Basi nisamehe. Twende tumalize mambo."

"Yameisha."

Akavua pete, akamwekea kiganjani. Kisha akamgeukia Kiunga, akamsalimia kwa heshima.

"Mzee, karibuni mezani. Mukimo wa viazi na mahindi umeiva, na kwetu mgeni haondoki na njaa. Mbuzi tu ndio mtarudi nao."