Ndege Iliyoingia Ukungu

Kila siku ya shule Cresensia aliamka kabla mama yake hajawasha moto. Alifagia uwanja, akawamwagia kuku pumba, akanywa uji akiwa amesimama, kisha akashika njia. Mwezi wa Juni Karatu ni baridi. Asubuhi ukungu hushuka kutoka msitu wa Ngorongoro na kufunika mashamba, hata mtu asione ng'ombe aliye mbele yake.

Ijumaa ile alitembea haraka kuliko kawaida. Mwalimu Patrisi, aliyewafundisha sayansi darasa la sita, alikuwa amemkabidhi ufunguo mmoja wa stoo, mwingine akabaki nao mwenyewe. Ndani ya stoo mlikuwa na ndege ndogo ya plastiki, mfano wa ndege ya kweli. Mwalimu aliipata kwa rafiki yake ikiwa vipande vipande ndani ya boksi, na wanafunzi waliiunga kwa gundi muhula mzima.

Aliyefanya kazi kubwa zaidi alikuwa Meitamei, mvulana wa kutoka kijiji cha Arash aliyekaa kwa mjomba wake hapo Karatu. Kwao alikuwa ameona ndege kama ile ikipita chini chini kuhesabu nyumbu. Alipaka rangi mabawa, akamchora rubani hata macho, ingawa rubani mwenyewe alikuwa mdogo kama punje ya hindi. Jumatatu ndege ingepelekwa Mbulu kwenye maonyesho ya shule, na Meitamei ndiye angewaeleza wageni. Baba yake alishatumiwa salamu aje.

Kazi iliyobaki ilikuwa kupaka vanishi, na Mwalimu alimpa Cresensia. "Utapaka mchana, jua likishatoka," alimwambia. "Ukungu ukiwapo usifungue hata kopo. Na vile vioo vya madirisha ya ndege usiviguse."

Lakini Cresensia alitaka Mwalimu akifika akute kazi imekwisha, amsifu mbele ya wenzake. Akafungua stoo ukungu ukiwa bado umetanda, akapaka mabawa, akapaka mkia. Vilimeremeta. Akaona madirisha nayo yatapendeza, akapitisha brashi juu yake.

Alipogeuka kufunika kopo na kuitazama tena ndege, vioo vilikuwa vimeanza kuwa vyeupe. Weupe ule ulizidi mpaka madirisha yote yakawa kama jicho la mzee lenye mtoto wa jicho. Rubani hakuonekana tena. Cresensia alifuta kwa sketi, weupe ukabaki. Alichukua wembe akakwangua dirisha moja, likachubuka. Kengele ikalia. Akafunga mlango, akakimbilia mstarini huku vidole vikinata.

Mchana Mwalimu Patrisi aliingia darasani ameishika ndege mkononi.

"Nani amefanya hivi?"

Wanafunzi walitazamana.

"Cresensia, wewe una ufunguo."

Cresensia aliinuka. "Jana jioni nilimwacha Meitamei ndani, Mwalimu. Alikuwa anamalizia rangi. Yeye ndiye aliyebana kufuli."

Kila neno lilikuwa la kweli, na alijua vizuri anachokifanya. Meitamei alisimama. "Mimi sikushika vanishi, Mwalimu."

"Basi ilijipaka yenyewe?" Mwalimu alikuwa na hasira. "Hutakwenda Mbulu, Meitamei. Ukiamua kusema ukweli, uje nyumbani kwangu tuzungumze."

Tangu hapo Cresensia hakupata pa kujificha. Ufunguo ulimchoma mfukoni. Akiinamia daftari alimsikia Meitamei akivuta pumzi nyuma yake. Akitazama dirishani, ile pale stoo. Alitamani kusema, lakini sasa angelazimika kueleza vioo na hila yake pamoja, na kila saa iliyopita ilifanya maneno yawe mazito zaidi.

Jioni walirudi njia moja kama siku zote.

"Nimeamua," alisema Meitamei. "Naenda kwa Mwalimu kumwambia ni mimi."

"Lakini si wewe!" Cresensia alijikuta amesema.

"Najua si mimi. Lakini baba yuko njiani, anakuja na lori la mahindi. Nikikiri, labda nitaruhusiwa kwenda. Mjomba atanichapa. Basi, atanichapa."

Alivitazama vidole vya Cresensia vilivyoganda vanishi, kisha akageuza uso. Cresensia alisimama katikati ya barabara, machozi yakamtoka.

"Usiende peke yako," alisema. "Twende wote. Mimi ndiye nitakayesema."

Mwalimu Patrisi alikuwa akipasua kuni nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Haya, semeni."

Cresensia alisema yote: ukungu, brashi, wembe, na maneno aliyoyasema darasani. Mwalimu aliweka shoka chini. Akamgeukia Meitamei.

"Nimekuhukumu bila kukusikiliza," alisema. "Nisamehe, mwanangu. Jumatatu utakwenda."

Jumamosi walikutana stoo jua lilipokuwa kali. "Vanishi hii imenasa unyevu wa ukungu," Mwalimu alieleza. "Weupe uko juu, plastiki ya chini ni nzima. Vanishi ilitengenezwa kwa spiriti, na spiriti itaiyeyusha. Petroli hapana, ingekula plastiki yenyewe." Walijaribu kwanza kwenye kipande cha plastiki kilichosalia ndani ya boksi. Kilipobaki salama, Cresensia alilowesha pamba kidogo, akafuta dirisha polepole, akibadilisha pamba kila ilipochafuka.

Kwa lile dirisha lililochubuka, Mwalimu alileta dawa yake ya meno. Miaka ile dawa ya meno ilikuwa adimu madukani, na ile ilikuwa imekamuliwa mpaka bati lake limejikunja. Alilipasua kwa kisu wakapata tone. Cresensia alisugua kwa kitambaa laini mpaka mkono ukamuuma. Macho ya rubani yakatokea.

"Anatuona!" alisema Meitamei, akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana.

Jumatatu, kabla ya safari ya Mbulu, Mwalimu alimwomba Cresensia aseme ukweli mbele ya darasa zima. Alisema yote. Kisha akarudisha ufunguo, maana Mwalimu alitaka akae bila huo mpaka muhula uishe. Huko Mbulu Meitamei aliieleza ndege bila kukwama hata mara moja, na baba yake, mrefu ndani ya shuka nyekundu, aliinama akachungulia madirishani kwa muda mrefu.

Waliporudi, Mwalimu Patrisi alikaa na Cresensia kwenye ngazi ya darasa.

"Kuharibu kitu kunatokea kwa kila mtu anayefanya kazi," alimwambia. "Hukunisikiliza, ukaharibu, na tukatengeneza kwa pamba na spiriti. Lakini mwenzako alifika mahali pa kutaka kukiri kosa ambalo si lake. Hilo halina dawa ya kusugulia. Ukikosea, Cresensia, njoo mapema, kabla mtu mwingine hajabeba kosa lako."

"Nimesikia, Mwalimu."

"Haya. Mwenzako anakungoja getini, msichelewe nyumbani."