Ulimi wa Mkanda

Dada yangu Famke alikuwa akitengeneza filamu zisizo na kichwa wala miguu, na nilimwambia hivyo usoni. Anapiga maji ya mfereji, anarudisha mkanda mwanzo ndani ya kamera, anapiga madirisha juu yake, kisha uso wake juu ya hayo yote. Sauti nazo vivyo hivyo, moja juu ya nyingine bila kufuta.

Jumapili moja mchana, tumeshiba supu ya njegere, akaniita kwenye studio anayoshirikiana na wasanii wenzake hapa Groningen nione kazi mpya.

"Leo usisinzie, Sjoerd."

"Nipe sababu."

Mkanda aliukuta kwenye friji ya wote, wanamotunzia mikanda. Wana desturi yao: mkanda mpya huachwa ulimi, yaani ncha yake, ukiwa nje ya kasha; uliokwisha kupigwa, ulimi humezwa ndani. Huu ulikuwa na ulimi nje. Basi akautumia.

Projekta ikanguruma, picha zikaangukia ukutani. Maji. Madirisha. Uso wa Famke. Na chini ya vyote, chumba ambacho hakukipiga yeye. Hakina mlango. Bibi mmoja anapapasa ukuta.

"Loo! Kuna mtu kasahau kumeza ulimi," Famke akacheka.

Kwenye spika, mtu akagonga. Bibi akageuka, akamtazama Famke. Si Famke wa ukutani. Huyu wangu, aliyekaa kitini.

Kicheko kikakatika. Uso wake ukutani ukaanza kuzama. Chini ya madirisha. Chini ya maji. Mpaka chumbani. Nikaushika mkono wake pale kitini, ukawa mwepesi kama glavu tupu.

"Kaka," akanong'ona. Sauti ilitoka kwenye spika. "Mlango uko wapi?"

Nikaruka nizime. Nikasita. Mkanda ukisimama mbele ya taa ya projekta huungua. Na ukiisha, je? Nikauvuta mwanzo wake, nikaubandika kwenye mkia. Ukazunguka bila mwisho.

Nilipogeuka, kitini alikuwa amekaa yule bibi, kavaa sweta la Famke.

"Ahsante, mwanangu," akanong'ona. "Usizime."

Akatoka, akafunga mlango taratibu.

Sijazima. Nakula humu, nalala humu. Mkanda unachakaa, na kila ukizunguka Famke anafifia. Nikitoka, nani atamlinda? Nikibaki, namtazama dada yangu akiisha. Mungu wangu, nimfanyeje?

Leo ukutani, mwanga unapoangukia, kuna alama za kucha. Nimepitisha kiganja. Ukuta ni laini. Alama ziko chini ya rangi, zimekwaruzwa kutoka ndani.